Kinundu cha Kidole Gumba na Maumivu ya Mbele ya Wayo: Ushauri kwa Watembeao Milima ya Usambara

Mtu akiota kinundu ubavuni mwa mguu, pale kidole gumba kinapoungana na wayo, macho ya kila mtu huenda kwenye kinundu hicho. Mwenyewe hukichua kwa mafuta, fundi viatu hukiachia nafasi kwenye ngozi ya kiatu, na jirani humshauri aende hospitali kikakatwe. Lakini mwulize taratibu ni wapi hasa panapomuuma akishashuka kutoka Magamba hadi sokoni Lushoto na mzigo wake. Mara nyingi hatakionyesha kinundu. Atageuza wayo na kubonyeza upande wa chini, nyuma kidogo ya kidole cha pili na cha tatu, penye sugu nene ya rangi ya manjano. Ninachotaka kueleza hapa ni kwamba kinundu na maumivu hayo ni jambo moja lenye sura mbili, na kwamba anayetaka nafuu aanze na pale mzigo wa mwili ulipohamia, kabla ya kuhangaika na kinundu.

Kwanza tuelewe kinundu chenyewe. Si nyama iliyoota wala si mfupa mpya. Katika wayo kuna mifupa mitano mirefu inayokwenda kwenye vidole vitano. Mfupa wa kwanza, ule wa kidole gumba, unapoanza kuhamia upande wa ndani wa mguu, kidole gumba chenyewe huvutwa kuelekea vidole vingine. Kichwa cha mfupa hubaki kimetokeza nje, kiatu hukisugua, ngozi huvimba na kuwa nyekundu. Hicho ndicho kinundu. Madaktari hupima pembe ya kidole hicho, na ikizidi nyuzi 15 huhesabu kuwa kimepinda. Ila hasara kubwa iko chini ya wayo, mahali pasipoonekana. Kichwa cha mfupa wa kwanza, pamoja na vijifupa viwili vidogo vilivyo chini yake, ndicho kinachopaswa kubeba fungu kubwa la uzito sehemu ya mbele ya mguu, takriban mara mbili ya fungu la kila mmoja wa mifupa mingine. Kuanzia kisigino hadi vidoleni pana utepe mgumu. Kisigino kinaponyanyuka na kidole gumba kikakunjika kuelekea juu, utepe huo hukazika, tao la wayo huinuka na mguu hupata uimara wa kuusukuma mwili mbele. J. H. Hicks wa Uingereza alieleza utaratibu huo mwaka 1954, na hadi leo ndio unaofundishwa. Kidole gumba kikipinda, vijifupa vile huteleza kutoka mahali pake, utepe haukazi vizuri, na mfupa wa kwanza hukwepa kazi. Ni sawa na gogo linalobebwa na watu watano: yule mwenye nguvu kuliko wote akilegeza bega, gogo halitakuwa jepesi, bali litamwelemea aliye karibu naye. Wa karibu ni mfupa wa pili, ambao ni mwembamba, mara nyingi ndio mrefu kuliko yote, na umekazwa kwenye wayo kiasi kwamba hauwezi kupanda wala kushuka ili kukwepa uzito. Kwa hiyo ngozi iliyo chini yake huota sugu, kifundo chake huvimba, na kano inayokishikilia kidole cha pili huchoka hadi kidole huinuka, hujikunja, na mwisho hukaa juu ya kidole gumba.

Hapa milima ya Usambara inaingia kwenye hesabu. Kutoka Mombo hadi Lushoto barabara hupanda karibu mita 1,000 katika kilomita zipatazo 30, na hiyo ni barabara ya magari, iliyozungushwa kwa makusudi ili isiwe kali. Njia za miguu za kwenda Mtae, Mlalo, Rangwi au mashamba yaliyo juu ya Soni hazizunguki. Mtu anapopanda mteremko mkali, kisigino hugusa ardhi kidogo au hakigusi kabisa, na kazi yote hufanywa na sehemu ya mbele ya wayo. Anaposhuka, mguu huteleza ndani ya kiatu na vidole hujazana kwenye ncha. Ongeza tenga la kabichi, mzigo wa kuni au ndoo ya lita 20, ambayo ikiwa na maji ni kilo 20 na ushei. Mtu wa Tanga mjini mwenye kinundu kama hicho hicho anaweza kukaa nacho miaka mingi bila kukijali, kwa sababu ardhi yake ni tambarare na kisigino humsaidia. Mkulima wa Lushoto hana bahati hiyo. Ndiyo maana ukubwa wa kinundu si kipimo kizuri cha maumivu: wapo wenye vinundu vikubwa wasioumia, na wapo wenye vidogo wanaochechemea. Kinachopima zaidi ni uzito kiasi gani umehama, na mara ngapi kwa siku.

Jambo hili unaweza kuliona mwenyewe bila mashine. Chukua ndala ulizovaa kwa miezi kadhaa, uziweke kwenye mwanga, utazame shimo ambalo mguu umelichimba. Mguu unaofanya kazi vizuri huacha shimo la wazi chini ya shina la kidole gumba na lingine chini ya ncha ya kidole hicho. Mguu uliohamisha mzigo huacha shimo lake kuu katikati, chini ya kidole cha pili na cha tatu, na pale pa kidole gumba mpira hubaki na michoro yake kama siku uliponunuliwa. Kisha kaa, vuta wayo wako magotini, bonyeza kwa kidole nyuma kidogo ya kila kidole kwa zamu. Palipo na sugu na maumivu pakilingana na shimo la ndala, umekwisha kupata nusu ya jibu. Kuna jaribio jingine jepesi: mtu asimame, uweke ubale wa karatasi chini ya ncha ya kidole chake cha pili, umwambie akikandamize, kisha uuvute. Karatasi ikitoka bila ubishi huku kidole cha upande wa pili kikiibana, kano ya chini ya kidole hicho imelegea au imechanika, na mtu huyo asingoje kidole kipande juu ya mwenzake ndipo aende kuonana na mtaalamu.

Wengi husema haya ni mambo ya ukoo: bibi alikuwa nacho, mama anacho, basi binti atakuwa nacho, na viatu havina hatia. Hoja hii ina ukweli mkubwa. Ulegevu wa viungo, umbo la mfupa wa kwanza na wayo bapa hurithiwa, na wenye vinundu wengi wana ndugu wenye vinundu. Lakini kurithi ni mwelekeo tu, na tafiti za viatu zinaonyesha tofauti ambayo damu pekee haiwezi kuieleza. Mwaka 1958 madaktari wawili wa Hong Kong walichapisha ulinganisho wa Wachina waliovaa viatu na Wachina waliokwenda peku. Waliovaa viatu, 33 kati ya kila 100 walikuwa na kidole gumba kilichopinda. Waliokwenda peku hawakufika hata 2 kati ya 100. Watu walikuwa wa asili moja. Mwaka 2021 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walichunguza mifupa ya watu 177 waliozikwa katika makaburi ya mji huo enzi za kati. Kwa waliozikwa kati ya karne ya 11 na ya 13, asilimia 6 walikuwa na kasoro hiyo. Kwa waliozikwa karne ya 14 na 15, viatu vilivyochongoka vilipokuwa fahari ya mji, ilipanda hadi asilimia 27. Na watafiti hao hao waliona kwamba waliokufa wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 45 wenye vidole vilivyopinda walikuwa na alama nyingi zaidi za mifupa iliyovunjika kwa kuanguka. Ukiishi kwenye miteremko ya Usambara, hilo la kuanguka si la kupuuzwa. Siku hizi, uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba asilimia 23 ya watu wenye miaka 18 hadi 65 wana vinundu, na kwamba miongoni mwa wazee zaidi ya theluthi wanavyo, wanawake wakiwazidi wanaume zaidi ya mara mbili. Ukoo unakupa mguu unaoelekea kupinda; kiatu chembamba huusukuma uendelee.

Basi turudi peku? Wapo wanaoshauri hivyo, na ushahidi wao wa kwanza ni mzuri, tena wa hapa hapa Tanzania: nyayo za Laetoli, zilizochimbuliwa na timu ya Mary Leakey miaka ya 1970, zimehifadhi mguu wa miaka milioni 3.6 iliyopita, na kidole gumba chake kimenyooka mbele sambamba na vingine. Hata hivyo siwashauri wasomaji wa Lushoto kutupa viatu. Njia zetu zina misumari, vipande vya chupa na vishina vya mahindi, nyumba nyingi za udongo zina funza, na asubuhi za mwezi wa Julai ni za baridi kali. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimeanza kufa ganzi hapaswi kwenda peku hata ndani ya nyumba. La kujifunza kutoka kwa wanaotembea peku ni upana: vidole vyao vina nafasi ya kutawanyika. Kiatu kinachotoa nafasi hiyo ndicho tunachokitafuta.

Kwa anayenunua mtumba, na wengi wetu tunanunua mtumba, kuna njia ya uhakika kuliko kujaribu kiatu kwa dakika moja kwenye vumbi la mnada. Jioni, miguu ikiwa imechoka na kuvimba kidogo, simama wima juu ya boksi, mwenzako aizungushie kalamu miguu yote miwili, kalamu ikisimama wima. Kata umbo hilo, nenda nalo sokoni, uliweke juu ya soli ya ndani ya kiatu. Boksi likitokeza pembeni mwa soli upande wa vidole, kiatu hicho hakikufai hata kama ngozi yake ni laini na bei ni ya kutupa. Ingiza mkono pia uone kama mvaaji wa kwanza ameacha shimo lake, kwa maana shimo la mtu mwingine litakupangia uzito wako usivyotaka. Mchuchumio uuache kwa shughuli za saa mbili tatu. Kadiri kisigino kinavyoinuliwa ndivyo uzito unavyomiminwa mbele, na mteremko unafanya kazi hiyo hiyo bila msaada wa kiatu. Ndala nazo, kwa upole wake wote, hulazimisha vidole kujikunja ili zisichomoke, na kidole cha pili kilichochoka hakihitaji kazi ya ziada. Katambuga ya tairi yenye mkanda wa nyuma ni bora kuliko watu wanavyoidhania: ni pana, na ugumu wa soli yake huzuia sehemu ya mbele ya wayo isikunjike sana kila hatua. Kasoro yake ni kukosa ulaini, na hilo fundi analimaliza kwa kipande cha sponji. Mwenye gambuti kubwa avae soksi mbili, ili mguu usikimbilie mbele anaposhuka.

Kisha kuna kitu kidogo kinachosaidia kuliko mafuta yote ya kuchua, nacho ni kipande cha kuinulia wayo. Watu wengi hukiweka mahali pasipofaa. Wanapoumia chini ya kidole cha pili, huweka sponji papo hapo panapouma, na maumivu huzidi, kwa kuwa wamekiinua kile kichwa cha mfupa kilichokwisha kuelemewa. Kipande kinatakiwa kukaa nyuma ya panapouma, upande wa kisigino, ili mifupa iinuliwe kwenye shingo zake na vichwa vipumzike. Namna ya kupapata ni hii. Changanya masizi ya sufuria na tone la mafuta, paka katikati ya sugu, ingiza mguu kwenye kiatu, simama, ukanyage mara moja, kisha utoe mguu. Alama nyeusi itabaki kwenye soli ya ndani. Kata kipande cha ndala kuukuu chenye unene wa milimita tano hivi, kipana mbele na chembamba nyuma, kingo zake zikwanguliwe zisikate. Kibandike hivi kwamba ukingo wake wa mbele uishie nyuma tu ya alama ile. Siku mbili za kwanza utahisi kama umekanyaga kitu. Ikiwa baada ya wiki moja bado kinakukera, kisogeze nyuma kidogo, usikisogeze mbele. Fundi viatu yeyote anaweza kukigundisha, na huyo huyo anaweza kulowesha na kuipanua ngozi ya kiatu pale penye kinundu.

Misuli ya nyuma ya mguu nayo ina sehemu yake. Misuli hiyo ikikaza, kisigino hunyanyuka mapema kuliko inavyopasa, na sehemu ya mbele ya wayo hubeba uzito kwa muda mrefu zaidi kila hatua. Simama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, goti lake likiwa limenyooka na kisigino kikiwa chini kabisa, uegemee ukuta hadi uhisi mvuto, ukae hapo sekunde 30. Rudia mara tatu kila mguu, asubuhi na jioni. Njiani, ukipanda kanyaga wayo mzima kila panapokuwa na nafasi ya kisigino. Ukishuka, chukua hatua fupi na ukate njia kwa mshazari. Kamba za raba zifungwe hivi: gonga kisigino nyuma kwanza, kaza kamba kwenye kifundo cha mguu, uzilegeze upande wa vidole. Najua mkulima atasema mzigo wa shamba haungoji mguu upone, na ana haki. Wala siwezi kumwambia augawe mara mbili, kwa sababu kushuka mlima mara mbili ni hasara nyingine. Lakini kwa wiki sita hivi za maumivu makali, kulipia bodaboda ibebe tenga hadi barabarani, naye ateremke mikono mitupu, ni gharama inayorudi.

Sugu isikatwe kwa wembe. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, isugue kwa jiwe la kusugulia miguu, upake mafuta, urudie kila siku chache. Itarudi kama mzigo haujahamishwa, na kurudi kwake ni habari kwamba kiatu bado hakijafaa. Mwenye kisukari asiisugue mwenyewe wala asipake dawa za kuchoma sugu. Ampelekee mhudumu wa afya. Vidude vya kunyosha kidole gumba usiku, vinavyotangazwa sana kwenye simu, huweza kupunguza usumbufu, lakini kwa mtu mzima havirudishi mfupa mahali pake, na pesa hizo zingenunua kiatu kipana. Diklofenaki ya kumeza kila siku kwa miezi huumiza tumbo na figo huku mguu ukiendelea kuharibika.

Anayeuliza kwa nini asipasuliwe tu, jibu langu ni kwamba upasuaji ni njia halali na una watu wake: wale ambao viatu vipana na kipande cha wayo vimejaribiwa kwa miezi bila nafuu, au ambao kidole cha pili kimeanza kuhama. Lakini upasuaji mzuri si kukwangua kinundu. Daktari hukata na kupanga upya mfupa wa kwanza, mgonjwa hukanyaga kwa tahadhari kwa takriban wiki sita, na uvimbe huweza kudumu miezi kadhaa. Tena, mfupa wa kwanza ukifupishwa au ukiachwa umeinuka, mzigo huhamia mfupa wa pili upya, na mtu aliyetoka nyumbani na kinundu hurudi na maumivu yale yale bila kinundu. Kwa hiyo kabla ya kukubali, mweleze daktari panapouma hasa, na umwulize atafanya nini kuhusu mzigo wa kidole cha pili. Picha ya eksirei ipigwe ukiwa umesimama, kwa sababu mguu uliolala kitandani hauonyeshi unavyopinda ukibeba mwili. Safari ya kawaida huanzia kituo cha afya, Hospitali ya Wilaya ya Lushoto au Bumbuli, na mwenye haja zaidi hupewa rufaa ya Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi. Hapo Moshi ndipo kilipo pia chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho hufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia miguu, pamoja na soli za kupimwa.

Si kila maumivu ya mbele ya wayo ni ya kinundu, na mwenye kinundu anaweza kuwa na ugonjwa mwingine. Kifundo cha kidole gumba kikiwaka usiku mmoja, kikawa chekundu na cha moto hata shuka isiguse, fikiria jongo. Ganzi na kuchoma kati ya kidole cha tatu na cha nne hutokana na mshipa wa fahamu uliobanwa. Uvimbe juu ya wayo baada ya siku za kutembea sana, bila kujikwaa popote, unaweza kuwa ufa wa mfupa, na huo unahitaji mapumziko, si kuchuliwa. Vifundo vya miguu yote miwili na mikono vikikakamaa kila asubuhi kwa muda mrefu, huenda ni baridi yabisi. Na mwenye kisukari akiona kidonda, malengelenge au wekundu kwenye wayo, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mwisho nawaomba wazazi. Mguu wa mtoto bado unajengeka, na kiatu cheusi cha shule alichorithi kwa kaka yake, au kilichomtosha Januari, kinaweza kuwa kimembana ifikapo Julai, naye hatasema, kwa sababu anajua kingine hakipo. Kila likizo mpime kwa boksi lile lile, usimame naye, ubonyeze mbele ya kidole kirefu uone kama upana wa kidole gumba chako bado unaingia. Ikiwa hauingii na fedha ya kiatu kipya haijapatikana, mwombe fundi akifungue mbele kiwe kama kandambili ya mkanda, na ukazungumze na mwalimu wake amruhusu kukivaa hivyo hadi utakapopata kingine.